Tumbako ya Krismasi

Siku zile za Emajensi, serikali ilipowasaka Mau Mau, mtu akishuka kutoka stesheni ya Nakuru kuelekea Bondeni, hakulikosa benchi la Muhidin. Lilikuwa ubao wa behewa kuukuu uliolazwa juu ya madebe mawili, mgongo wake ukuta wa duka la fundi cherehani, na mbele yake jiko la makaa na buli la shaba lenye shingo ndefu kama korongo. Jumapili baada ya saa nane, upepo ukipandisha vumbi jeupe la ziwani mpaka likakaa kwenye kope, waliokuwa hapo ni wale wale. Muhidin mwenye kahawa, ambaye babu yake alitoka Lamu, alisema machache na kumimina mengi. Bashir mwenye duka aliitwa Wakili, kwa sababu alijua Kiingereza kidogo na ubishi mwingi. Khisa wa karakana ya reli aliitwa Injini, maana hata akinong'ona ungemsikia ukiwa Gilgil. Wa nne alikuwa Owino, boi wa nyumba ya Mzungu kule Milimani, mtu wa miaka hamsini, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Yeye walimwita Kiko, na Jumapili hii ya Januari, mwaka wa hamsini na nane, kiko chenyewe kilikuwa mkononi na kopo la tumbako liko wazi juu ya benchi.

— Leteni pua, alisema Owino. Pua tu. Vidole hapana.

Khisa aliinama juu ya kopo. Ndani mlikuwa na vipande vyembamba, bapa, vimepangwa kama kurasa za kitabu kidogo, vyeusi kama tende.

— Hii iliungua, alisema Khisa. Nani alichoma?

— Haikuungua, Bashir alidakia. Wamelowesha kwa kahawa. Angalia rangi. Hii ni kahawa kabisa.

— Kahawa yangu haijafika Ulaya, alisema Muhidin.

— Basi ni sukari guru! Khisa alipiga paja. Wanachovya kwa sukari guru, halafu wanapeleka relini, wanapitisha injini juu yake. Tani mia mbili! Kitu gani ingine inaweza kufanya jani iwe bapa namna hii?

— Injini yako peleka kando. Bashir alishusha sauti, kama mtu anayetoa siri ya mahakama. Mimi nilisikia kwa Mgoa mmoja, karani wa posta. Hii tumbako inazikwa. Mzungu mkubwa akifa, wanaweka kwa sanduku pamoja na yeye. Miaka saba. Halafu wanafukua usiku. Ndiyo maana wakivuta wanajua mambo ya mbele.

— Kweli! alisema Khisa. DC huvuta kwanza, halafu kodi inapanda.

— Wahenga walisema: subira huvuta heri. Mnafikiri Heri ni nini? Ilikuwa tumbako ya zamani.

— Na Subira?

— Bibi ya mtu.

Walicheka, hata Muhidin. Owino alingoja kicheko kiishe. Alipenda dakika hii kuliko zote za wiki. Kule Milimani alikuwa mtu wa kuitwa kwa kengele. Hapa watu watatu wazima walikuwa wanangoja aseme.

— Sikilizeni, alisema. Jani lenyewe ni la manjano. Linaitwa Virginia. Linabanwa kwa chuma, linapata joto, linakaa siku nyingi. Lina sukari yake ndani, hakuna mtu ametia. Ile sukari ndiyo inaiva mpaka jani linakuwa jeusi. Ni kama ndizi umesahau kabatini: nje nyeusi, ndani asali.

— Kama ndizi, alirudia Khisa kwa heshima.

— Sasa, ikitoka kwa kopo ina maji. Ukiivuta hivyo inatoa mvuke, inachoma ulimi.

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Bashir.

— Ulimi iko kwa nguo? aliuliza Khisa.

— Ya kwako, hapana. Ya kwako iko kwa barabara kila siku.

Owino alikuwa amekwisha kutandika kipande kimoja juu ya gazeti, kivulini, tangu alipofika. Sasa alikibana kwa dole gumba na kidole cha shahada, akakiachia. Kilijikunjua polepole. Aliwaeleza kwamba hapo ndipo penyewe: kikishika vidole, bado, kikilia kama jani kavu, umechelewa, kitawaka kama nyasi za Menengai wakati wa kiangazi. Wako watu wanaokunja kipande kizima na kukisokota ndani ya kiko. Hao huvuta polepole sana na huwasha kila mara. Yeye alipenda kukifikicha. Alikiweka kwenye kiganja cha kushoto, akazungusha kiganja cha kulia juu yake bila haraka, mpaka kipande kikafunguka nyuzi nyuzi, na harufu ikainuka: zabibu kavu, siki kidogo, na nyasi zilizokatwa jana zikalala na umande.

— Kujaza ni mara tatu, alisema. Ya kwanza, bonyeza na mkono wa mtoto. Ya pili, mkono wa mwanamke. Ya tatu, mkono wa mwanamume. Ukianza na mwanamume, hewa haipiti, na utavuta mpaka macho yatoke.

— Hiyo hata nyumbani iko hivyo, alisema Khisa, lakini hakuna aliyemuuliza maana yake.

Kibiriti cha kwanza kilikuwa cha kuamsha tu. Nyuzi za juu zilijiinua, zikajikunja, na Owino akazilaza tena kwa msumari uliopondwa kichwa. Kibiriti cha pili ndicho cha kuwasha. Alivuta kama mtu anayeonja uji wa moto, kidogo, akaacha, kidogo tena. Moshi ulikuwa wa buluu, mwepesi. Utamu ulikuja pembeni mwa ulimi, ukakaa. Na nyuma ya utamu, kama kila Jumapili, kikaja kile kingine, ambacho hakikuwa cha ulimini. Kilikaa chini ya kifua, na hakikuondoka na moshi.

— Na Mzungu alikupa hivi hivi? aliuliza Khisa.

— Krismasi.

— Akasema nini?

— Alisema, "Owino, kamata. Wewe nafanya kazi mzuri."

— Huyo ni Mzungu mwenye moyo, alisema Bashir. Akuzaye… hapana, akufaaye kwa kiko ndiye rafiki.

Owino aliangalia ndani ya kiko, kana kwamba kuna kitu cha kurekebisha.

Bwana Tonli, Mzungu wake, hakusema maneno hayo. Kiko ndicho alichompa, kweli: kiko cha zamani, mdomo wake umetafunwa na meno ya Mzungu, Owino akaufunga kwa uzi. Tumbako hakumpa. Miaka minane Owino alikuwa ameifikicha tumbako ile kila asubuhi, viko vinne, akavipanga kwenye meza ya verandani. Miaka minane alikula ugali wake na harufu ya zabibu kwenye viganja. Hakuwahi kuitia mdomoni. Halafu, mwezi wa Aprili mwaka uliopita, kifurushi kipya kilitoka Ulaya, makopo sita, na alipokuwa akiyapanga stoo, mkono wake uliweka matano kwenye rafu na la sita mfukoni mwa koti. Hakupanga. Lakini pia hakulirudisha, na siku za kulirudisha zilikuwepo.

Juma lile lile Bwana Tonli alihesabu makopo, akamwita Owino. Stoo, wewe nafungua, alisema. Wanyoike naleta kuni. Nani? Owino alitazama viatu vyake. Neno moja lilitosha, au hata nusu yake: si yeye. Alichosema ni, "Mimi hapana jua, bwana." Na Bwana Tonli akalichukua jibu hilo akalipeleka alikotaka.

Wanyoike ndiye aliyekuwa akilima bustani na kupasua kuni. Alikuwa Mkikuyu, na siku hizo Mkikuyu wa Nakuru akipoteza kazi, pasi yake ya kukaa mjini ilikufa siku hiyo hiyo. Yeye, mke na watoto watatu walipakiwa kwenye lori kurudishwa rizavu ya Wakikuyu. Owino alimbebea sanduku mpaka kwenye lori. Alimpa ratili mbili za sukari. Wanyoike alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Kopo lilikaa chini ya kitanda cha Owino, limefungwa kwenye suruali kuukuu, miezi minane. Desemba ndipo alipolifungua, akaja nalo benchini, akasema Krismasi.

— Hodi hapa.

Sauti ilitoka upande wa barabara. Mtu alikuwa amesimama na furushi begani, koti la kaki limemning'inia kama la kuazima, miguu imejaa vumbi mpaka magotini.

— Karibu, ndugu, alisema Muhidin, akamsogezea kikombe.

— Owino! Mtu yule aliweka furushi chini. Ndugu yangu! Nimeenda mpaka Milimani, mpishi wa jirani akaniambia Jumapili huwa hapa.

Owino alisimama. Miguu ilimsimamisha yenyewe. Wanyoike alimkumbatia, na Owino akaisikia mifupa ya mabega kupitia koti.

— Huyu, Wanyoike aliwaambia wengine, siku ile nilitupwa nje, ni yeye peke yake alinibebea sanduku. Mbele ya askari! Sukari yake tulikunywa mwezi mzima. Bibi yangu hawezi kulala kabla hajamtaja kwa maombi.

— Kiko ni mtu mzuri, alisema Khisa.

— Keti, keti, alisema Owino. Umekuja lini? Watoto?

Wanyoike aliketi ukingoni mwa benchi, akanywa kahawa yote kwa mkupuo mmoja, na Muhidin akamjazia bila kuulizwa. Alieleza kwamba amepata ruhusa ya majuma mawili kutafuta kazi. Alikuwa ameanza Naivasha, akaenda Gilgil, akapita Njoro, na sasa zimebaki siku tatu. Kazi zilikuwepo. Kila Mzungu alimtazama mikono, akaridhika, akaomba barua ya bwana wake wa zamani. Akiisoma, humrudishia akiishika kwa ncha za vidole na kumwonyesha lango.

— Mimi sijui Kizungu, alisema, akitoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo. Kijijini karani anaogopa kunisomea. Nikasema, Owino alisoma misheni. Naomba unisomee. Nataka tu kujua inasema nini.

Owino aliipokea. Aliujua mwandiko kabla hajaifungua. Ilikuwa mistari minne. Aliusoma wa kwanza, wa pili, na wa tatu ukamsimamisha, akasikia watu wote wanne wanapumua.

— Inasema… Alikohoa. Inasema ulifanya kazi miaka minne. Ya bustani. Na kazi ikaisha.

— Hiyo tu?

— Hiyo tu.

Wanyoike alimtazama kwa imani kamili, na ndiyo iliyokuwa mbaya.

— Basi kwa nini wananifukuza?

— Lete hapa, alisema Bashir. Kizungu cha Kiko ni cha jikoni. Barua ni kazi ya Wakili. Mwenye macho haambiwi soma.

Karatasi ilimtoka Owino mkononi kabla hajaikaza. Bashir aliisogeza mbali na uso, akavaa sauti yake ya mahakamani, akaanza kutafsiri neno kwa neno.

— "Miaka minne. Anajua maua na mboga. Si mlevi. Amefukuzwa kwa kuiba… kwa kuiba tumbako. Asiruhusiwe… kuingia ndani ya nyumba."

Sauti ya mahakamani ilikuwa imemwishia katikati. Alikunja barua, akaikunjua tena, kama mtu anayetafuta mstari mwingine.

— Tumbako? Wanyoike alitaka kucheka. Tumbako gani? Mimi sivuti. Kanisa yetu haikubali. Hata baba yangu hakuvuta.

Bashir alimrudishia barua yake.

— Bwana aliniambia, "Wewe najua kitu wewe nafanya." Hiyo peke yake. Sasa mimi nilifikiri ni mambo ya kiapo cha Mau Mau. Nilijua kuna mtu ameenda kusema nilikula kiapo. Na ni nani alikuwa ananijua hapa mjini? Shemeji yangu, Karanja, ambaye sasa naye yuko rizavu. Tulikuwa tumekosana kidogo juu ya mbuzi. Miezi tisa sijaongea na yeye. Mwezi wa kumi mtoto wake alizikwa. Sikuenda.

Aliyasema bila kupandisha sauti, akihesabu yale mambo kwa vidole kama mtu anayejaribu kuelewa safari aliyokwisha kusafiri. Khisa, ambaye hakuweza kuvumilia kimya, aliingilia.

— Labda ni panya. Panya wa stoo ni hatari. Kule karakana walikula mkanda wa ngozi.

— Panya hali kopo, alisema Bashir, lakini polepole.

— Tumbili basi. Wale wa Menengai. Wanafungua madirisha, wanajua! Mmoja aliiba wembe wa stesheni masta akajinyoa.

— Ama posta, Bashir alisema, bila kumtazama mtu. Labda meli ilizama, makopo yakapungua baharini, na karani akaandika yote yamefika. Ama memsahibu alimpa… Ama pepo. Kuna pepo wa tumbako, Pwani wanawajua. Muhidin, si mnawajua?

Muhidin alikuwa akipanguza kikombe kilichokwisha kukauka.

— Mimi nauza kahawa, alisema.

Wanyoike aliwasikiliza wote kwa adabu. Kisha akauliza, si kwa hila yoyote, maana hakuwa mtu wa hila:

— Kwani tumbako ya Bwana Tonli ikoje? Ni ya unga ama ni ya majani?

Swali lilianguka katikati ya benchi. Kopo lilikuwa pale pale, kati ya Bashir na Khisa, kifuniko kando, vipande vyeusi vinatazama juu. Bashir alitazama jiko. Muhidin alitazama kikombe. Na Khisa, yule mropokaji ambaye hakuwahi kuficha hata umri wa mama yake, alivua kofia yake ya reli, akajipangusa jasho ambalo halikuwepo, akaiweka kofia juu ya kopo. Aliiweka taratibu, kama mtu anayefunika uso wa maiti.

Owino aliiona kofia ile. Angeweza kuvumilia kutukanwa. Alikuwa amejiandaa kwa hilo miezi tisa. Hakuwa amejiandaa kuona rafiki yake, mtu mwenye moyo mweupe, akijifunza uongo kwa ajili yake.

— Khisa, alisema. Toa kofia.

— Wacha, Kiko. Iko sawa.

— Toa.

Khisa aliitoa. Owino aliliinua kopo, akaliweka kwenye magoti ya Wanyoike.

— Ndiyo hii, alisema. Hakuna panya. Mimi ndiye nilichukua. Aprili, makopo yakiwa sita. Bwana aliponiuliza, nilijua anafikiri ni wewe, na nikasema sijui. Na sasa hivi barua nimeisoma vizuri. Nilisoma yote. Nikakudanganya tena.

Wanyoike alilitazama kopo. Alishika kipande kimoja kwa ncha za vidole, akakigeuza, akakinusa, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kisha akakirudisha na kujipangusa mkono kwenye koti.

— Ulinibebea sanduku, alisema.

— Ndiyo.

— Ukijua.

— Ndiyo.

— Bibi yangu anakuombea, Owino. Kila jioni. Watoto wanajua jina lako.

Owino alishusha macho kwenye nguo zake. Alijiona alivyo: shati la pasi, viatu vinavyong'aa, mwalimu wa tumbako. Alitamani Wanyoike amzabe kofi. Wanyoike hakufanya hivyo. Aliinuka tu, akaikunja barua yake mara nne.

— Hii inaweza kuandikwa ingine?

— Twende, alisema Owino. Sasa hivi. Saa kumi anakunywa chai.

Walipanda Milimani kwa miguu, Wanyoike mbele na Owino hatua tatu nyuma, kama boi na bwana. Furushi walikuwa wameliacha kwa Muhidin. Lango lilipofunguka, Bwana Tonli alikuwa verandani, miguu juu ya kigoda, kikombe mkononi. Hakumwona Wanyoike, aliyesimama kwenye kichaka cha waridi alichokipanda mwenyewe. Alimwona Owino, na bila kuuliza kwa nini amerudi mapema, alimnyoshea kiko kitupu.

Owino alikipokea. Alishangaa baadaye kwa nini, lakini mkono wake ulikuwa umezoea. Alijaza pale pale kutoka kwenye bakuli la mezani, akaanza na mkono wa mwanamume. Bwana Tonli aliwasha, akavuta, mashavu yakaingia ndani, hakuna kilichopita.

— Wewe nagonjwa? aliuliza.

— Hapana, bwana. Kopo ya Aprili, mimi nachukua. Wanyoike hapana chukua. Yeye hapana jua kitu.

Bwana Tonli alikitoa kiko mdomoni. Alikuwa mzee, mwenye masikio makubwa mekundu, na kwa muda alionekana kama mtu aliyeambiwa kwamba mbwa wake amezungumza.

— Wewe? Miaka nane?

— Mimi, bwana.

Ndipo alipogeuka akamwona Wanyoike kwenye waridi. Wakatazamana, na Mzungu ndiye aliyeondoa macho kwanza. Aliingia ndani. Walisikia droo ikifunguliwa, kalamu ikikwaruza, droo ikifungwa. Alipotoka, alimpa Wanyoike karatasi mpya bila kusema pole, akaichukua ile ya zamani, akaichana vipande na kuviweka mfukoni, kama mtu asiyetaka vionekane hata kwenye pipa la taka. Kisha akamwambia Owino:

— Kesho asubuhi, toka. Mimi hapana ita polisi. Lakini barua, wewe hapana pata.

Miaka minane, bila barua. Owino aliitikia, "Ndiyo, bwana." Akakumbuka kukiweka kiko cha mezani mahali pake.

Waliporudi Bondeni jua lilikuwa limeshuka nyuma ya milima ya Mau na makaa ya Muhidin yalikuwa majivu. Kahawa ilikuwa imekwisha. Lakini hakuna aliyekuwa ameenda nyumbani. Bashir alisimama mara tu alipowaona, akanyosha mkono, na Wanyoike akampa karatasi.

— "Miaka minne," alisoma Bashir, bila sauti ya mahakamani. "Anajua maua na mboga. Si mlevi. Mwaminifu."

— Soma tena ya mwisho.

— "Mwaminifu."

— Tena.

Bashir alisoma tena. Wanyoike aliikunja mara mbili tu, safari hii, akaitia mfuko wa ndani, akafunga kifungo. Khisa alimpa mkate wa nyama uliofungwa gazetini, kwa ajili ya njia. Muhidin alimletea furushi lake.

Owino alikuwa amesimama kando, hakujua kama ana haki ya kuketi.

— Wanyoike, alisema. Sina la kusema. Nisamehe.

Wanyoike alifikiri. Hakuonekana mwenye hasira. Alionekana mwenye kuchoka, na mwenye haraka.

— Mimi nalala kwa treni leo, alisema. Kazi nitatafuta kesho kutwa. Kwanza naenda kwa Karanja, nimpe pole ya mtoto wake, nimwombe msamaha. Sijui nitaanzia wapi. Huyo ndiye wa kwanza. Wewe uko nyuma yake.

— Nimesikia.

Aliweka furushi begani, akageuka kwenda, kisha akasimama. Kopo lilikuwa bado juu ya benchi, mahali alipoliweka alipoinuka. Katika saa mbili zile hakuna aliyeligusa. Alilitazama, akamtazama Owino, na akauliza kama mtu anayetaka kweli kujua:

— Ilikuwa tamu?

Bashir alitafuta methali, na kwa mara ya kwanza tangu benchi lile liwekwe pale, hakuipata. Owino, aliyejua kueleza zabibu, na siki, na nyasi za umande, alisimama mbele ya mtu yule mwembamba, mikono imemning'inia.

Wanyoike alingoja jibu kwa adabu, kama mtu aliyeuliza njia. Kisha akalikaza furushi, akashika barabara ya stesheni.